Ng'ombe wa Babu na Viganja vya Askofu

Majengo, Mpanda
Jioni ya kuamkia safari yako

Minza, mama yangu,

Muda huu uko jikoni na mama yako mnafunga karanga za safari, nawasikia mnavyocheka, na mimi niko upande wa pili wa ukuta nakuandikia barua kana kwamba umeshafika kwa masista. Mtu akiniona atasema mwalimu amerukwa na akili, si afungue mlango aseme? Mlango nimeshaufungua mara mbili. Mara ya kwanza niliomba chumvi, na hapa mezani sina chakula. Mara ya pili mama yako akaniuliza, "Baba Minza, we unatafuta nini hasa?" Nikasema nataka kujua treni inaondoka saa ngapi. Ukanitajia saa kwa adabu, wakati tiketi nilikata mimi mwenyewe.

Mambo ya shuka, sabuni na kutozungumza ovyo na watu behewani mama yako ameyamaliza, siyagusi. Mimi nina neno la mikono.

Jumapili baada ya chakula ulikuja ukapiga magoti mbele ya kiti changu, ukanyoosha mikono. Ulijua maana yake, na mimi nilijua. Kwetu mtoto anayeondoka nyumbani huweka viganja vyake katikati ya viganja vya mzazi, mzazi akavipulizia mate kidogo, akasema neno la baraka, basi, mtoto akaenda zake. Babu yako alinifanyia mimi. Bibi yako, ambaye jina lake ndilo ulilobeba, aliwafanyia watoto wake wote. Na mimi nikafanya nini? Nikaingiza mikono mifukoni mwa koti. Nikakuambia, "Inuka bwana, mimi si kabaila." Ukainuka. Hukulia. Ukakusanya vyombo ukavipeleka uani. Tangu siku hiyo unaniamkia vizuri, chai unaniletea, ila usoni hunitazami.

Kesho unaondoka na baraka hujapata. Hilo ndilo lililonikalisha hapa.

Nimejaribu kutafuta kwa nini nilifanya vile. Kila nikishika sababu moja, nyingine inaniponyoka. Kwa hiyo usitegemee barua iliyonyooka. Ulikaa darasani kwangu, umeshazoea.

Nianze na kanisani. Unakumbuka ile misa ya upadrisho, kwaya yenu ilipovaa vitenge vya njano. Mimi na mama yako tulikaa karibu na nguzo. Yule kijana akapiga magoti mbele ya askofu, akaunganisha viganja vyake, akaviweka katikati ya viganja vya askofu, akaulizwa kama anaahidi heshima na utii. Tendo lile mimi nimelifundisha miaka yote kama kitu kilichokufa! Mtu wa Ulaya ya zamani, anayetaka ardhi na ulinzi, anakwenda kwa kabaila bila kofia na bila silaha, anapiga magoti, anaweka viganja vyake ndani ya viganja vya bwana yule na kusema, kuanzia leo mimi ni mtu wako. Nilikuwa nawachorea ubaoni, na nyie mnacheka mnasema mikono ya mwalimu inafanana na samaki, migebuka ya Ikola. Kumbe haijafa. Iko hapa hapa Mpanda, watu wanapiga vigelegele. Nikamwambia mama yako kwa sauti niliyodhani ni ndogo, "Mama Minza, kiapo cha makabaila hicho!" Akanifinya paja. Mzee wa benchi la mbele akageuka kunitazama.

Jumatatu nilikwenda nayo darasani, nikaringa nayo kweli kweli. Nikawaambia, mnaona, wafalme wamekwisha, ngome zimebomoka, lakini Kanisa halitupi kitu jalalani. Sikujua kwamba wewe, kule juu kwenye kwaya, ulikuwa unaitazama mikono ile ile na unaona jambo lingine kabisa.

Ulipomaliza kidato cha sita ukatuambia unataka utawa. Mama yako alilia kwa furaha. Kwao Mpimbwe ni Wakatoliki tangu kwa bibi zao, kwake ilikuwa kama mvua iliyokuja kwa wakati. Baba yako mdogo wa Magamba alipiga simu kuuliza ng'ombe wa mahari watatoka wapi sasa, nikamkatia. Nilijiona mtu wa maana sana kwa kumkatia ndugu yangu simu. Halafu nikakugeukia nikasema, "Nani kakuruhusu kujitoa?" Nyani haoni kundule. Na wewe ukanijibu polepole, "Baba, mimi si ng'ombe wa babu."

Jibu lile limekaa kifuani mpaka leo. Hadithi ya ng'ombe wa babu umeisikia tangu hujaota meno, lakini nataka niisimulie tena, maana nadhani nimekuwa nikiisimulia vibaya.

Babu yako alitoka Usukuma na mifugo yake, akaingia Mpimbwe akiwa na mke, na mimi nikiwa mgongoni. Hakuwa na mtu. Aliyempokea ni babu yako mwingine, mzaa mama yako, mkulima wa mpunga. Alimwonyesha mahali pa kujenga boma na mahali pa kuchungia, akamwambia, kaa. Babu naye, kwa kuonyesha ubinadamu, akamwekesha ng'ombe mmoja, yule mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Unajua ng'ombe wa kuwekesha si zawadi. Anayemtunza anakamua, anakunywa, samadi anapeleka shambani kwake, lakini ng'ombe ni wa mwenyewe. Akifa, ngozi lazima irudi kwa mwenyewe, ili ajue kweli amekufa na hakuuzwa mnadani.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Yule Mpimbwe mwenyeji alijisemea moyoni, huyu Msukuma ni mtu wangu, anakaa kwenye ardhi yangu. Msukuma naye alijisemea, huyu Mpimbwe ni mtu wangu, anakunywa maziwa yangu. Umri wao ulikuwa mmoja. Wakikutana njiani kila mmoja anasubiri mwenzake atoe shikamoo. Hakuna anayeitoa. Wanasimama. Mmoja anatazama mawingu anasema, "Mvua mwaka huu." Mwenzake anasema, "Aa, mvua." Wanapishana. Miaka ikapita hivyo, wanapendana, wanalimiana, wanazikiana, na hawajawahi kuamkiana!

Darasani nilikuwa naitumia hadithi hiyo kuwaeleza Ulaya, na ilikuwa inaniokoa, maana vitabu vyenyewe vinachanganya. Mfalme mmoja anamiliki nchi yake, lakini kipande cha ardhi ng'ambo ya bahari amepewa na mfalme mwenzake, kwa hiyo huku anavaa taji na kule anapiga magoti. Askofu ana mashamba aliyopewa na mfalme na roho za waumini alizokabidhiwa na Papa, sasa nani ampe pete na fimbo za uaskofu? Wakagombana mpaka Papa akamtenga mfalme na Kanisa, na mfalme akaenda kusimama siku tatu kwenye theluji, miguu mitupu, nje ya mlango, akiomba msamaha. Theluji sijawahi kuiona, nikawa nawaambia mfikirie masanduku ya barafu ya wachuuzi wa samaki, mtu asimame humo. Mnaguna. Halafu mnaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo nani alishinda?" Nasema Papa. Kisha nakumbuka kwamba baadaye mfalme huyo alirudi na jeshi, Papa akafia ugenini. Nasema mfalme. Fahali wawili hawakai zizi moja, nasema, halafu nakumbuka wazee wetu walikaa. Kengele inalia inaniokoa.

Siku moja kabla ya kengele uliinua mkono. Shuleni ulikuwa unaniita mwalimu kama wenzako, na mimi nilikuwa nakukazia kuliko wenzako ili wasiseme. Ukasema, "Mwalimu, yule anayeweka mikono yake, anajisikiaje?"

Nikasema, "Haiko kwenye silabasi."

Darasa likacheka. Ukakaa.

Silabasi haina, ni kweli. Lakini Minza, mimi mwalimu wa historia, mwenye vitabu rafu nzima, sikuwahi hata siku moja kujiuliza swali hilo. Nilijua nani kampa nani ardhi. Nilijua mtwana alilima siku ngapi shamba la bwana na alipeleka kuku wangapi Pasaka. Nilijua kwamba baba aliyetoa mtoto wake kwa watawa alimfunga mkono wake kwa kitambaa cha altare, na nilikuwa nasema hilo kwa dharau, mtoto anafungwa kama kifurushi. Kila kitu nilikiangalia kwa macho ya anayeshika. Hata kwenye hadithi ya ng'ombe nilisimulia wazee wawili na kiburi chao, na hakuna aliyemkumbuka ng'ombe, ambaye ndiye alikuwa anatoa maziwa.

Na usifikiri kupiga magoti sikujui. Nilipotaka kuhamishwa nije kufundisha mjini, karibu na mama yako alipokuwa mgonjwa, nilikwenda kwa mkubwa mmoja, jina lake liache. Alinipa mkono mmoja, nikaupokea kwa mikono miwili, nikainama, nikacheka vichekesho vyake ambavyo havikuchekesha, nikasahau kuuachia ule mkono mpaka akauvuta. Nilipata uhamisho. Wiki ile ile niliingia darasani nikawafundisha kwa ukali jinsi watwana walivyokosa utu. Mganga hajigangi. Nilijisikiaje siku ile, ungeniuliza? Nilijisikia mdogo, na nilifurahi, vyote kwa pamoja, na usiku nililala vizuri. Sijui unaliweka wapi jambo kama hilo ubaoni.

Sasa nirudi kwako na masista wako. Kuhusu nyumba za watawa wa kike nilikuwa nafundisha mambo mawili, na yote mawili yanapata maksi. La kwanza, kwamba kule Ulaya baba ndiye aliyetoa mali ili binti aolewe, kwa hiyo mabinti waliozidi walisukumwa utawani kwa kuwa huko gharama ilikuwa ndogo. La pili, kwamba utawani ndipo mwanamke alipoweza kusoma, kuandika, kutunza dawa, na mkuu wao kusimamia mashamba na wanaume wakamtii. Gereza au mlango. Nilikuwa nawaambia chagueni upande mmoja mtetee hoja. Sasa binti yangu anaondoka na mimi siwezi kuchagua upande. Asubuhi naamka naona gereza. Mchana nakusikia unaimba unafua, naona mlango. Jioni nasikia mtapewa jina jipya, yaani watakuita Sista fulani, na Minza wangu ataenda wapi? Nilipokupa jina la mama yangu nilikuwa nakuamkia kila asubuhi ukiwa mchanga, "Shikamoo mama," na wewe unanionyesha ufizi. Hapa nyumbani mimi ni baba yako na wewe ni mama yangu, tumeishi hivyo na hatukuhitaji kabaila wa kutuamulia nani juu nani chini. Ndiyo maana naogopa. Nasema waziwazi, naogopa.

Lakini hiyo pia siyo sababu ya mikono mifukoni. Nadhani sababu ni hii.

Siku niliyoondoka kwenda chuo cha ualimu babu yako alinishika viganja. Alishika kwa nguvu, mikono ya mtu wa kamba na fimbo. Akapuliza mate, akasema kwa Kiswahili chake, ili na babu yako mwingine aliyekuwa amesimama pale asikie, "Wewe sikutoi. Nakuwekesha tu kwa Serikali. Maziwa wakamue wao. Ngozi irudi kwangu."

Watu walicheka. Mimi nilicheka. Lakini maneno yale yaliniingia, nikaishi kama ng'ombe wa kuwekesha maisha yangu yote. Popote nilipopangiwa nilijua mimi ni wa mzee, na Serikali inakamua tu. Yalinifaa, sikatai, sikupotea, nilijua nyumbani ni wapi. Pia yalininyima pumzi. Kazi zangu zote nilizifanya kama mtu aliyeazimwa.

Sasa wewe umekuja umepiga magoti, na mdomoni mwangu yamekuja maneno yale yale: nakuwekesha kwa masista, ngozi irudi kwangu. Na wewe umeshaniambia wewe si ng'ombe. Nikitafuta maneno mengine ya baraka, sina. Sikurithi mengine. Mtu asiye na neno afanye nini na mikono? Nikaificha, na kwa kuwa mimi ni mwalimu nikatoa utani wa ukabaila ili nionekane nina hoja. Nisamehe. Sikukunyima baraka kwa hasira, nilikosa ya kukupa.

Kuna kipande cha hadithi ya ng'ombe huwa sikisemi darasani, maana hakichekeshi. Yule ng'ombe alikufa kwa ugonjwa, kiangazi. Babu yako wa mpunga alimchuna, akaibeba ngozi begani akaja nayo kwa miguu mpaka kwetu, kama desturi inavyotaka. Nilikuwepo. Babu yako akamwona anakuja kutoka mbali, na hakumsubiri kwenye kigoda kama bwana anavyomsubiri mtu wake. Aliinuka akamfuata njiani. Walipokutana, wote wawili wakafungua mdomo kwa pamoja, "Shikamoo." Wote wawili! Hakuna aliyeweza kuitikia marahaba. Wakasimama pale na ngozi katikati yao wakilia kama watoto, na mimi sikuelewa wanamlilia ng'ombe au nini. Bado sijaelewa. Ila nakumbuka babu hakuikagua ngozi. Alimshika mwenzake mkono, wakarudi nyumbani kula.

Kwa hiyo usingoje nikupe fundisho, sinalo. Nimefika mwisho wa barua na bado sijui kama unakwenda kwa kabaila au kwa Mungu, na kama ni kwa Mungu, sijui ni kwa nini amenifundisha historia yote hii kwanza. Ukishakaa huko, siku utakayoweka mikono yako ndani ya mikono ya mkuu wako, niandikie unijibu lile swali lako la darasani. Anayeweka mikono anajisikiaje? Usiniandikie jibu la kunifurahisha. Niandikie hata kama ni baya, nitakuja kukuchukua kwa treni hiyo hiyo, na sitakuuliza mbele ya watu.

Na asubuhi, kabla hatujatoka kwenda stesheni, nipe mikono tena. Piga magoti au simama, mimi sijui tena lipi ni sahihi, mama yako atatuambia. Nitaishika. Nitaipulizia mate. Maneno ya babu nitayameza, na kama hayatakuja mengine nitasema Minza tu, basi, jina lako likiwa bado ni lako.

Leo nimekaa nikitazama picha za kitabu changu, zile za watu wanaokula kiapo. Kila mchoraji amechora mikono ikiwa imeshikwa. Hakuna hata mmoja aliyeichora ikiachiwa, na lazima iliachiwa, la sivyo yule mtu angelima vipi, angekula vipi? Sehemu hiyo sijawahi kuifundisha, wala kwangu haikunitokea vizuri. Kesho nitajaribu. Nikichelewa kuachia, mama yangu, vuta.

Baba yako